Uyoga wa Januari

Kazi yangu ni kuwaogesha wazee wa watu. Nalisema wazi kwa sababu kule Nyahururu mama yangu amewatangazia wenzake wa kanisani kwamba bintiye Peris ni daktari wa mifupa London, na mimi sijapata nguvu ya kumsahihisha. Kila asubuhi nilikuwa natoka Tottenham kwa basi hadi Edmonton, napanda ngazi za jengo ambalo lifti yake ilikuwa mgonjwa kuliko wakazi wake, nabisha kwa Mzee Muhiddin, na kabla sijavua koti nasema shikamoo. Siku ya kwanza sikuisema. Nilimwambia tu, "Habari ya asubuhi, Mzee," akageuza uso kuelekea ukutani.

"Kwenu hakuna maamkizi?" akauliza.

"Si nimekuuliza habari?"

"Habari zimo gazetini, mwanangu. Mtu mzima anaamkiwa."

Nilikasirika, nikaamkia kwa kununa, naye akanijibu marahaba kwa sauti tamu hata hasira ikaniisha. Ndivyo tulivyoanza.

Alikuwa mtu wa Unguja Mjini, mtaa wa Mkunazini. Baada ya mapinduzi aliondoka na mkewe, Bi Zuwena, wakiwa ndio kwanza wameoana. Walikaa Mombasa kwa jamaa zao kwa muda, kisha wakafika London, naye akapewa kofia na mashine ya tiketi, akawa kondakta wa basi. Nilipomjua mimi alikuwa ameshavuka miaka themanini. Bi Zuwena alikuwa amefariki zamani, magoti ya mzee yalikuwa yamegoma, lakini ulimi ulikuwa kazini kutwa. Nikisema "nimeskia," ananiuliza ile herufi i nimeila na nini.

Na alikuwa na habari za uyoga. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoona rafu yake ya vitabu. Basi lake lilikuwa likiishia Chingford, pembeni mwa msitu wa Epping, na hapo dereva na kondakta hupumzika kidogo kabla ya kurudi mjini. Dereva alikuwa akilala. Muhiddin alikuwa akiingia msituni kuukimbia mkoromo. Vuli moja, majani yakipukutika, aliona chini ya mti kitu chekundu chenye madoa meupe, akadhani mtoto kasahau bakuli lake. Alipoinama kuliokota, Mzungu mmoja aliyekuwa amepiga magoti karibu na hapo akampigia kelele asiguse. Mzungu yule aliitwa Douglas, na alikuwa katibu wa chama cha watu wanaotazama uyoga.

"Nikamuuliza, unaliwa?" Mzee alinisimulia. "Akasema huu una sumu. Nikamuuliza, sasa unautakia nini? Akasema, nauandika."

Douglas alimpa bunda la kadi tupu. Ukiuona uyoga, unaandika jina lake, mahali, na tarehe, basi. Huchumi, huli. Bi Zuwena alipoambiwa habari hizo alicheka mpaka akakaa chini. "Waingereza wana mambo," alisema. "Uyoga hawali, wanauandika!" Lakini wiki iliyofuata mumewe aliposhika njia, alimkuta mlangoni amevaa koti, na chupa ya chai mkononi. Tangu hapo, kila msimu wa uyoga ulipofika, mume na mke walikuwa msituni kila wiki. Mwisho wa mwaka kadi zinakwenda kwa Douglas. Waliendelea hivyo zaidi ya miaka ishirini, mpaka Bi Zuwena alipofariki mwishoni mwa mwaka tisini na nane. Baada ya hapo Mzee hakwenda tena. Alisema hakuna tena wa kumwambia tazama kule.

Kumbe watu kama wao walikuwa wengi, nchi nzima, tangu enzi za mababu, na kadi zao zote zimetiwa kwenye kompyuta moja, laki kwa laki. Kadi moja haisemi kitu cha maana. Lakini wataalamu wakizipanga zote pamoja wanaweza kuuona msitu ukibadilika: uyoga gani umehama, upi umetoweka, msimu unaanza lini na unakwisha lini dunia inavyozidi kupata joto. Haya sikuyajua mpaka barua ilipofika, Septemba ya mwaka 2014, na barua hiyo ndiyo nusura ituulie mzee.

Aliniomba nimsomee, na mimi, kwa kujifanya hodari, nikamtafsiria kabisa. Hapo ndipo nilipoharibu. "Mzee, wanasema kumbukumbu zako zina shida," nikamwambia. "Wanataka kuzifuta."

Akaweka kikombe chini. "Kumbukumbu zangu?"

"Zile za uyoga. Records, si unajua. Wanasema haziaminiki."

Kiswahili chetu kina neno moja tu kwa kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichomo kichwani mwa mtu. Mimi sikulifikiria hilo. Yeye alilifikiria kutwa nzima, na chai ikapoa.

Wiki iliyofuata aliyeiandika barua alikuja mwenyewe. Aliitwa Jaswinder, Singasinga wa makamo yangu, mtaalamu wa mambo ya msitu. Mama yake alizaliwa Kisumu, kwa hiyo Kiingereza chake kilikuwa kimetiwa chembechembe za Kiswahili cha jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwita Mzee "Uncle," akakubali chai. Alisema angeweza kuzifuta kumbukumbu zile kwa kubonyeza tu, ila moyo ulikataa kumfutia mtu kazi ya maisha yake bila kumtazama usoni.

Akafungua kompyuta katikati ya vikombe. Palikuwa na mchoro wa vidoti. Vidoti vya watu wengine wote vilijikusanya sehemu moja, Septemba mpaka Novemba, mwaka hadi mwaka. Vya Mzee Muhiddin vilikuwa vinapanda ngazi. Mwaka sabini na tano uyoga wake uliota Januari. Mwaka themanini ukaota Machi. Themanini na sita ukaota Mei, na kufika tisini na nane ukawa umefika Septemba.

"Uncle, huu mwekundu wenye madoa, Januari? Kwa theluji?" Jaswinder aliuliza kwa upole. "Hakuna msitu unaofanya hivi. Nikiziacha humu, zitatuharibia hesabu yote."

"Januari sikwenda," Mzee akasema. "Januari nani anakwenda? Zuwena Januari hakuwa akitoka hata kwa harusi."

"Lakini ndivyo ilivyo kwenye kompyuta. Douglas alizichapa kadi zako mwenyewe, zote, alipostaafu."

"Basi zitazameni kadi."

Kadi hazikuwepo. Bomba lilipasuka kwenye stoo ya Douglas, zikageuka uji, na Douglas mwenyewe alikwisha kufariki. Kilichobaki ni alichokichapa. Jaswinder alisema hakuna anayemwita mtu mwongo, labda miaka mingi imechanganyika tu, na kwamba uamuzi lazima utoke kabla ya mwisho wa Novemba kwa sababu wanaanza uchambuzi. Aliondoka akiwa na huzuni ya kweli. Mzee alikaa akiutazama mlango.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Mie yangu imekuwa ndefu, kumbe ni ile ile."

Kuanzia siku hiyo aliacha kunisahihisha Kiswahili. Nilijaribu "nimeskia" makusudi, mara tatu mfululizo, na hakushtuka. Akawa ananiuliza kama ameshameza dawa, dakika chache baada ya kuzimeza mbele yangu. Akawa anaitazama rafu ya vitabu kana kwamba ni ya mpangaji mwingine. Siku moja, ninamkausha mgongo, akasema polepole, "Peris, labda hatukwenda."

"Wapi?"

"Msituni. Labda nilikuwa nimekaa hapa hapa nikiota. Kompyuta haina sababu ya kunionea. Kama Januari ile si kweli, na Zuwena naye je? Nitajuaje kuwa alikuwepo?"

Niliogopa. Nimewaona wazee wengi wakishika njia hiyo. Mtu akishaanza kujishuku mwenyewe, anakwisha upesi kuliko mwenye ugonjwa. Binti yake, Salama, aliye Leicester, aliisikia sauti yake kwenye simu akaingiwa na wasiwasi, akapanga nesi aje nyumbani kumpima kumbukumbu. Neno lile lile tena. Mzee alipoambiwa aliitikia kwa kichwa tu, akakubali kama mtu anayeitwa kusomewa hukumu. Nami nilimpenda mzee yule, sioni haya kulisema. Usiku ule kanisani nilimtaja kwenye maombi, nikamwomba Mungu asitazame dini anaposikiliza.

Asubuhi moja, mwezi wa Oktoba ukielekea mwisho, nilikuwa namvalisha soksi, na ule ukimya ukanichosha. Nikamwambia, "Mzee, nipe siku moja tu. Wachana na kompyuta. Siku moja ya msituni unayoikumbuka wewe."

Akafumba macho.

"Siku ya Arafa," akasema. "Tumefunga, mimi na Zuwena. Mvua ya rasharasha. Kavaa koti la kijani alilolinunua sokoni Tottenham, limemzidi, mikono imemfunika vidole. Tumekwenda weee, hatuoni kitu. Mara akasimama. Chini ya mti mkubwa palikuwa na uyoga mmoja mnene, wa rangi ya mkate, umevimba vile, kama boflo lililotoka jikoni sasa hivi. Na njaa ile! Zuwena kautazama, akanambia, Muhiddin, andika upesi twende zetu, uyoga huu utatuvunjia saumu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na mimi nikacheka naye, nikijua kwamba hakuna mtu anayeota mikono ya koti.

"Mwaka gani huo?" nikamuuliza.

"Themanini. Mfunguo Tatu."

"Mfunguo ni nini?"

Akafumbua macho. "Khaa! Unauliza kweli?"

"Sisi watu wa bara tutajulia wapi? Kuuliza si ujinga."

"Mwezi, mwanangu! Mwezi wa Kiislamu. Ramadhani ikisha, watu wanafungua. Basi mwezi unaofuata ni Mfunguo Mosi, ukitoka huo Mfunguo Pili, na Arafa na Idi Kubwa ziko Mfunguo Tatu. Unakwenda hivyo mpaka Mfunguo Tisa, halafu ndiyo Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Khaa! Na hawa ndio wanaosema wanajua Kiswahili."

"Kiswahili najua. Mimi mwezi wa tatu ninaoujua ni March..."

Soksi ilikuwa bado mkononi mwangu. Machi. Mwaka themanini uyoga wake uliota Machi.

"Mzee," nikasema, "kwenye zile kadi, mwezi ulikuwa unauandika vipi?"

"Unavyoandikwa. M, nukta, tatu."

"M ya nini?"

"M ya Mfunguo. Ingekuwa ya nini?"

"Month, Mzee! Aki ya Mungu, Douglas aliona M akasoma month! Month three!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mzee aliduwaa, mguu mmoja una soksi na mwingine mtupu. Nikamuuliza kwa nini jamani, katika London hii, mtu aandike Mfunguo kwenye kadi ya Mzungu. Akafikiri. Alisema kadi ilikuwa imechapwa tayari kumi na tisa kwenye nafasi ya mwaka, mtu unajaza tarakimu mbili tu, kwa hiyo mwaka ulikuwa wa Kizungu bila yeye kuchagua. Lakini kwake nyumbani kalenda ilikuwa moja, ile ya msikitini, iliyotundikwa jikoni, na mwenye kuijua ni mkewe.

"Nilikuwa namuuliza, Zuwena, leo mwezi ngapi? Akinambia, naandika," akasema. "Tangu alipofariki sijamuuliza mtu tena. Nikafuata miezi ya wenyeji."

Nikampigia Jaswinder pale pale. Alikuwa njiani, nasikia matreni. Sikumweleza kitu. Nilimgeukia Mzee kwanza nikamuuliza, mwaka themanini na sita, msimu wa uyoga, ilikuwa Mfunguo wa ngapi? Akahesabu kwa vidole akasema Tano. Ndipo nikamuuliza Jaswinder kompyuta yake inasemaje mwaka huo.

"Mei," akasema. "Kwa nini?"

Nilimweleza. Nikamsikia anacheka peke yake kwenye kituo cha treni kama mwehu. Akajizuia upesi. Akasema haahidi kitu, maana kumbukumbu mbili kulingana si ushahidi, lazima azigeuze zote, moja moja, na kama hata nusu yake itaangukia Juni au Februari, basi hadithi yetu ni tamu lakini si kweli.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Mzee hakurudi kuwa mkali, lakini alianza kuniuliza tena maswali kuhusu kwetu, na nilipokosea Kiswahili niliona mdomo ukimcheza. Nilikuwa nimempandisha mtu mti, na kama tawi lingekatika, nani angempokea chini?

Jaswinder alikuja bila kupiga simu. Nilipomfungulia mlango nilimtazama mikono kwanza, nikaona amebeba boksi la barfi, vile vitamu vya Kihindi vya sherehe. Hakuna anayekwenda na barfi kumwambia mtu kwamba kazi yake inafutwa. Nilishika fremu ya mlango nikavuta pumzi, nadhani ya kwanza tangu Septemba.

Alifungua kompyuta bila kuvua koti. Vidoti vilikuwa vile vile, vingi kama mwanzo, lakini ngazi haikuwepo. Vya Mzee vilikuwa vimeshuka vyote na kuketi katikati ya vya wenzake, Septemba mpaka Novemba, mwaka hadi mwaka.

"Miezi yenu hutangulia siku kumi na moja hivi kila mwaka, Uncle," akasema. "Kwa hiyo msimu ulipokaa mahali pake, miezi ndiyo iliyokuwa inaupita. Nimezigeuza zote. Hakuna hata moja iliyoanguka nje. Na unajua kitu kingine? Upande ule wa msitu, miaka ile, hatuna mtu mwingine aliyekuwa anakwenda kila wiki. Msimu unarefuka, mwishoni mwake hasa, na wewe ndiye uliyeuona unarefuka. Tungekufuta, tungefuta hilo."

Nilidhani Mzee atauliza kuhusu msimu, au kuhusu jina lake litakavyoandikwa. Alikuwa ameukaribia mchoro mpaka pua inagusa kioo.

"Kwa hivyo tulikwenda?" akauliza.

Jaswinder hakuelewa mara moja. Alinitazama mimi, nikamwambia kwa macho amjibu tu.

"Mlikwenda, Uncle," akasema. "Kila wiki."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee, na machozi yakamtoka bila sauti, yakateremka mpaka kwenye ndevu. Jaswinder naye akalia. Mimi nilikwenda jikoni kuwasha birika kwa sababu sipendi watu wanione, na niliporudi na chai nilimkuta Mzee ameshakula barfi ya pili, na sukari yake ya damu naijua mimi. Sikumkataza. Alikuwa anamweleza Jaswinder kwamba huyu msichana wa bara hajui hata Mfunguo, na mimi niliiona raha ya kutukanwa hivyo.

Nesi wa kupima kumbukumbu alikuja katikati ya Novemba kama ilivyopangwa. Salama alitaka kuahirisha, Mzee akakataa, akasema aje. Nilimwogesha vizuri siku hiyo, nikamvalisha shati jeupe na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Nesi alikuwa kijana wa Kiingereza, mpole, aliyezoea kuzungumza na wazee kwa sauti ya juu. Akamwomba ataje vitu vitatu, akavitaja. Akamwomba ahesabu kurudi nyuma, akahesabu. Kisha akamuuliza, polepole, kama anaweza kumwambia sasa hivi tuko mwezi gani.

Mzee Muhiddin alinitazama. Nikaogopa kidogo, mazoea mabaya hayaishi. Kisha akamgeukia kijana.

"Wa kwenu," akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kondakta, "au wa mke wangu?"

Kijana akaishusha kalamu, akanitazama kuomba msaada. Nikamwambia aulize yote miwili. Mzee akamjibu yote miwili, na yote ilikuwa sahihi.